Kuhesabu wageni bila kuichosha hifadhidata ya duka

Mwisho wa mwezi, saa mbili usiku. Duka la viatu la mtandaoni lililoko Nakuru limelipia tangazo la Facebook na watu wanabofya kweli. Baada ya dakika kumi ukurasa wa kiatu unachukua sekunde kumi na tano kufunguka, na mteja wa Kakamega aliyekwisha kuweka PIN ya M-Pesa anaona oda yake bado inasubiri malipo. Fundi akipigiwa simu, neno la kwanza ni kwamba seva imezidiwa, tununue kubwa zaidi. Mara nyingi seva haina kosa. Kosa ni kwamba keshia na mlinzi wa mlangoni wanagombania daftari moja, yaani hifadhidata: mmoja aandike mauzo, mwingine aandike jina la kila anayepita.

Kusoma hifadhidata ni jambo rahisi, kwa sababu ukurasa ukishatengenezwa unawekwa kwenye kache (hifadhi ya muda ya nakala) na wageni elfu moja wanapewa nakala ileile. Kuandika hakuna kache. Kila INSERT (amri ya kuongeza mstari) kwenye InnoDB, injini ya kuhifadhi majedwali ndani ya programu ya hifadhidata ya MySQL, hugusa jedwali, hugusa kila faharasa (orodha ya kutafutia) ya jedwali hilo, kisha, kwa mpangilio wa kawaida wa MySQL, husubiri diski ithibitishe kwamba imeshika. Piga hesabu. Duka lenye kurasa 20,000 zinazofunguliwa kwa siku, kila ukurasa ukiandika mara tatu (mgeni, ukurasa, alikotoka), linapata maandiko 60,000. Ukiyagawa kwa siku nzima hayafiki hata moja kwa sekunde, na ndiyo maana hakuna anayeyashuku. Lakini wateja hawaji kwa mgawo sawa. Kurasa 6,000 zikifunguliwa katika dakika kumi za tangazo, hayo ni maandiko 30 kila sekunde, wakati uleule ambapo watu wanajaza vikapu na taarifa za malipo zinarudi kutoka M-Pesa. Na baada ya siku 90 una mistari milioni 5.4 ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisoma.

Pima kabla ya kuzima chochote

Logi ya maswali ya polepole haitakusaidia sana hapa. MySQL huandika humo swali lililozidi sekunde 10, na hata ukishusha `long_query_time` hadi 1, andiko la kumhesabu mgeni huchukua milisekunde chache tu. Moja moja hayaonekani, yanaumiza kwa wingi. Kwa hiyo hesabu wingi:

`SHOW GLOBAL STATUS WHERE Variable_name IN ('Com_select','Com_insert','Com_update','Com_replace','Com_delete');`

Iendeshe mara mbili, sekunde 60 zikiwa zimepita katikati, utoe namba ya kwanza kwenye ya pili. Duka linalouza oda 40 kwa siku halina sababu ya kuandika mamia ya mara kwa dakika. Ikiwa uko kwenye hostingi ya pamoja, namba hizi zinachanganya shughuli za majirani zako wote, basi usizitegemee. Hapo tumia ukubwa wa majedwali, ambao phpMyAdmin itakuonyesha:

`SELECT table_name, table_rows, ROUND((data_length+index_length)/1048576) AS mb FROM information_schema.tables WHERE table_schema = DATABASE() ORDER BY mb DESC LIMIT 15;`

Safu ya `table_rows` ni makadirio tu kwa InnoDB, usishangae ikibadilika kila unapouliza. Unachotafuta ni uwiano: jedwali la oda lina mistari elfu nne, la wageni lina milioni tatu. Ukiona hivyo, umempata mkosaji.

Anakojificha

Inategemea programu inayoendesha duka lako. Kwenye PrestaShop ni rahisi kumkamata. Majedwali ni `ps_connections`, `ps_connections_page`, `ps_connections_source` na `ps_guest`, na anayeyajaza ni moduli ya `statsdata`. Fungua mipangilio yake: kuna swichi ya kuhifadhi kurasa alizotazama kila mteja, na nyingine ya kuhifadhi jumla ya kurasa. Zima ya kwanza leo. Moduli yenyewe inakuonya kwamba inakula prosesa na nafasi. Ya pili ni nyepesi zaidi, lakini kama hakuna anayefungua ripoti zake, izime pia. Halafu kwenye ukurasa wa takwimu weka ufagiaji wa kila wiki au kila mwezi, usiuache kwenye "kamwe".

OpenCart ina mambo mawili. Ya kwanza ni kufuatilia wateja walio mtandaoni sasa hivi, swichi iliyo kwenye mipangilio ya duka chini ya kichupo cha Option: ikiwashwa, kila ukurasa unaandika kwenye `oc_customer_online`. Ya pili haina swichi. Katika matoleo ya 2 na 3, kufungua bidhaa kunaongeza moja kwenye safu ya `viewed` ndani ya `oc_product`, yaani jedwali lilelile linalobeba bei na idadi ya mali. Bidhaa moja ikitangazwa, wageni wote wanagombea kufuli moja. Na ukiwa bado na MySQL 5.7 au MariaDB iliyowashwa kache ya maswali, kila nyongeza hiyo inafuta majibu yote yaliyokuwa yamehifadhiwa kuhusu jedwali hilo. Kache ipo, lakini haikai. Toleo la 4 lilihamishia hesabu hiyo kwenye jedwali lake, na huo ndio mfano wa kufuata hata kama huwezi kupanda toleo.

WooCommerce, programu ya duka inayokaa juu ya WordPress, ndiyo yenye mengi. Yenyewe haiandiki kila mgeni. Wanaoandika ni programu-jalizi za takwimu na za "bidhaa zinazotazamwa zaidi". Mbaya kuliko zote ni zile zinazoweka hesabu kwenye `wp_postmeta`. Jedwali hilo ndilo linalobeba maelezo ya kila bidhaa, na kila mara `update_post_meta` inapoitwa, WordPress inatupa kache ya maelezo yote ya bidhaa hiyo. Mgeni mmoja amehesabiwa, anayefuata analazimika kusoma upya kutoka kwenye hifadhidata. Unalipa mara mbili.

Kisha kuna `wp_woocommerce_sessions`. Mgeni asiye na akaunti anapata mstari humo akiweka kitu kikapuni, na unaisha muda baada ya saa 48. Ufagiaji hufanywa mara mbili kwa siku na WP-Cron, ratiba ya kazi ya WordPress inayoamshwa na wageni wanaofungua kurasa. Sasa, makala nyingi za kuongeza kasi hukuambia uzime WP-Cron kwa `DISABLE_WP_CRON`, ushauri mzuri, lakini wengi huishia hapo bila kuweka kazi ya kron (ratiba ya seva yenyewe). Hakuna anayefagia, na jedwali linavimba mwaka mzima. Weka hii kwenye cPanel, kila dakika 10:

`wget -q -O /dev/null https://dukalako.co.ke/wp-cron.php?doing_wp_cron`

Kitufe cha kufuta vikao vya wateja kilicho ndani ya zana za WooCommerce kinafuta vyote, pamoja na kikapu cha mama wa Kisumu aliyeenda kuuliza kipimo cha mguu wa mtoto. Afadhali kufuta vilivyokwisha muda tu:

`DELETE FROM wp_woocommerce_sessions WHERE session_expiry < UNIX_TIMESTAMP() LIMIT 5000;`

Nusu ya wageni si watu

Roboti nyingi hazihifadhi vidakuzi. Kwa programu ya duka, asiye na kidakuzi ni mgeni mpya. Kwa hiyo AhrefsBot (roboti ya kampuni ya Ahrefs inayokagua tovuti) ikipitia kurasa 3,000, kwenye majedwali yako hao ni wageni 3,000 tofauti, kila mmoja na mstari wake. Roboti inayofuata viungo vya `?add-to-cart=` ni balaa zaidi: inafungua kikapu kila inapogusa. Weka kwenye robots.txt, faili la kuziambia roboti zisikopite:

`User-agent: *`
`Disallow: /*add-to-cart=`
`Disallow: /cart/`
`Disallow: /checkout/`

Zile zenye adabu zitatii. Zisizo na adabu zizuie kwenye Nginx (programu ya seva ya wavuti) au Cloudflare (huduma inayokaa mbele ya seva) kwa jina la wakala (user agent) wake, kabla hazijaifikia PHP. Usiizuie `facebookexternalhit`, maana ndiyo inayochukua picha na jina la bidhaa ukiweka kiungo Facebook.

Kuna mtego mwingine ambao unahusu matangazo moja kwa moja. Facebook hubandika `fbclid` yenye herufi tofauti mwishoni mwa kiungo kwa kila anayebofya. Kache isiyofundishwa inadhani kila mbofyo ni ukurasa mpya, inautengeneza upya kutoka kwenye hifadhidata, inauhifadhi, na hautaombwa tena kamwe. Ndiyo maana duka linapita jaribio la kasi mchana na kuanguka usiku wa tangazo. Mwambie mtunza kache apuuze `fbclid`, `gclid`, `ttclid` na `utm_*`. LiteSpeed Cache ina orodha ya namna hiyo tayari. Hakikisha tu haijafutwa, na uongeze ya TikTok kama unatangaza huko. Jaribu mwenyewe: fungua bidhaa na `?fbclid=abc1`, kisha `?fbclid=abc2`, utazame vichwa vya majibu. Ya pili ikisema `miss`, bado hujamaliza. Ila jaribu na kurasa ambazo hujaingia kama msimamizi, kwa sababu msimamizi hapewi kache.

Uhesabu wapi basi

Swali la kwanza ni unataka kujua nini. Kama ni watu wangapi wamefika na kutoka wapi, seva tayari inaandika hayo kwenye logi ya Nginx au Apache bila kugusa MySQL. GoAccess inaisoma na kukutolea ripoti:

`goaccess access.log --log-format=COMBINED -o /home/duka/ripoti.html`

Ukiwa nyuma ya Cloudflare, rekebisha kwanza anwani halisi ya mgeni, la sivyo wageni wote wataonekana wametoka Cloudflare. Na usihesabu watu kwa anwani ya IP: mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo watu hamsini wa Kondele wanaweza kuonekana mmoja.

Kama unataka kujua tangazo gani limeuza, huhitaji kumwandika kila mgeni. Tangu toleo la 8.5, WooCommerce huhifadhi alikotoka mteja ndani ya kidakuzi cha kivinjari chake na kukiandika kwenye oda pale tu anaponunua. Wageni elfu moja wasionunua wanaandikwa mara sifuri. Kwa maoni yangu hili peke yake linatosha maduka mengi, na programu-jalizi ya takwimu ingeondolewa jioni hiyohiyo.

Kama lazima uonyeshe "imetazamwa mara 1,240" chini ya bidhaa, kusanya kwanza, andika baadaye. Ukiwa na Redis, hifadhi ya haraka inayokaa kwenye kumbukumbu ya seva, kila mtazamo ni `HINCRBY views 583 1`, 583 ikiwa namba ya bidhaa. Kila dakika tano kazi ya kron inafanya `RENAMENX views views_kazi`, inasoma yote kwa `HGETALL`, inaandika kwenye MySQL ndani ya muamala mmoja, halafu baada ya COMMIT ndipo inafuta `views_kazi`. Tumia RENAMENX, si RENAME: kama kazi ya mwisho ilikatikia njiani, RENAME ingefunika hesabu ambayo haijaandikwa, ilhali RENAMENX inakataa na unajua umalizie ile ya zamani kwanza. Kama hakuna kilichotazamwa, ufunguo haupo na amri italeta kosa. Ipokee, uondoke kimya.

Kwenye hostingi isiyo na Redis, faili linatosha. `file_put_contents` yenye `FILE_APPEND | LOCK_EX` inaongeza namba ya bidhaa mstari kwa mstari, na kron inabadilisha jina la faili na kujumlisha. Liweke nje ya `public_html`. Mwito wenyewe utoke kwenye kivinjari kwa `navigator.sendBeacon`, ili uhesabu uendelee hata ukurasa ukitoka kwenye kache, na roboti zisizoendesha JavaScript zibaki nje ya hesabu.

Ushauri mmoja unaozunguka sana ni kushusha `innodb_flush_log_at_trx_commit` kutoka 1 hadi 2. Ni kweli uandishi unakuwa mwepesi, lakini umeme wa seva ukikatika unaweza kupoteza sekunde moja ya miamala, na mpangilio huo ni wa seva nzima, hauchagui jedwali. Ndani ya sekunde hiyo huenda kuna malipo ya mtu. Nao wanaokushauri utumie `INSERT DELAYED` wanasoma vitabu vya zamani: MySQL 5.7 inaipokea amri hiyo na kuifanya INSERT ya kawaida.

Kufagia kilichokwisha kujaa

Zima chanzo kwanza, chukua nakala, ndipo ufute. Jedwali la takwimu pekee usilolihitaji lifute kwa TRUNCATE (amri ya kumwaga jedwali zima), ni la mara moja na linarudisha nafasi. `ps_connections_page` na `ps_connections_source` hayana neno. `ps_guest` usiliguse kwa TRUNCATE, kwa kuwa `ps_cart` hubeba namba ya mgeni kutoka humo.

Unapotaka kubakisha siku 30 za mwisho, futa mistari 5,000 kwa zamu ukipumzika sekunde moja kati ya zamu. DELETE moja ya mistari milioni tatu itashika kufuli kwa muda mrefu, na ikikatizwa itarudisha yote nyuma polepole kuliko ilivyofuta. Hiyo ya siku 30 si ya kasi tu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuruhusu kukaa na taarifa za watu muda mrefu kuliko unavyozihitaji.

DELETE haipunguzi faili kwenye diski. Inayopunguza ni OPTIMIZE TABLE, ambayo hujenga jedwali upya, hivyo inahitaji nafasi tupu inayokaribia ukubwa wa jedwali lenyewe. Diski iliyojaa asilimia 95 huenda isimalize. Iendeshe saa tisa usiku, na hapo angalia saa ya seva: nyingi zinafuata UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kazi uliyoandika `0 3 * * *` itaanza saa kumi na mbili asubuhi, watu wakiwa ndani ya matatu na simu mkononi. Andika `0 0 * * *`.