Maswali ya Wasomaji: Maneno Marefu ya Kiingereza

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha kwanza. Akikuta neno refu kwenye baiolojia husoma herufi tatu za mwanzo, zilizobaki anabahatisha. Namkatia silabi kama tulivyosomeshwa "ba be bi", wala haisaidii. Nifanyeje?
Mzazi, Wete

JIBU: Silabi zije mwisho. Silabi ya Kiswahili karibu siku zote huishia na irabu, kwa hiyo mtoto akikikata Kiingereza kwa kipimo hicho huchomeka irabu zisizokuwepo: "transport" inakuwa "taranasipoti". Aanze kukata kwa maana. Kazi hiyo anaijua. "Hatutawasahau" ni ha-tu-ta-wa-sahau, na hakuna mtoto wa Wete anayeishindwa.

Mpe kipande cha karatasi cha kufunikia. Aanzie mkiani: kwenye "unforgettable" afunike -able, kisha arudi mbele afunike un-. Inabaki "forgett". Ile t ya pili imeletwa na mkia tu. Mzizi ni "forget", na huo anaujua. Kipande kilichobaki kikiwa si neno wala mzizi, amekata pasipo. "Uncle" haina un-, maana "cle" si kitu.

Maneno ya sayansi mengi yametoka Kigiriki na vipande vyake hujirudia: photo ni mwanga, thermo ni joto, meter ni kipimo, -logy ni elimu ya kitu. "Photosynthesis" basi ni kuunda kwa mwanga.

Wengi hukwama hapa: mkato wa maana si mkato wa matamshi. "Thermometer" kwa maana ni thermo-meter, lakini mdomoni ni ther-MOM-e-ter. Sisi mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana watoto husema "bio-LO-gy". Kiingereza hakina kanuni moja, ila mikia husaidia: penye -tion, -logy, na kwa kawaida -ic, mkazo hukaa kwenye silabi inayotangulia mkia. Edu-CA-tion, bi-O-logy.

Akishafika hapo ndipo ahesabu silabi, kwa irabu anazozisikia, si anazoziona.

SWALI: Mbona "walked" ina silabi moja na "wanted" mbili?
Mwanafunzi, Mkoani

JIBU: -ed hupata silabi yake baada ya sauti ya t au d tu: want-ed, need-ed. Kwengineko hubaki konsonanti tupu: "walked" hutamkwa "wokt". Vivumishi vichache, kama "naked" na "wicked", haviifuati kanuni hii; hivyo ni vya kukariri.