Konflawa si sembe, na chumvi haiongezwi kabla ya kutiwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Makorora, Tanga. Juzi nilifuata mapishi ya mchuzi wa kamba niliyoyakuta kwenye simu. Yalisema: "Ongeza unga wa mahindi vijiko viwili katika mchuzi wako, ukoroge hadi uwe mzito." Nikachukua sembe. Mchuzi ukatoka na chengachenga, ukawa na ladha ya uji. Jirani ananiambia kilichotakiwa ni konflawa. Dukani wanaiita "unga wa konflawa". Shemeji yangu aliyesomea lishe anasema Kiswahili chake ni "wanga wa mahindi", na mama mkwe hataki hata kulisikia neno hilo jikoni kwake. Je, konflawa ni unga wa mahindi au siyo? Na tuiite nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kamba, maana najua bei yake. Jirani yako kasema kweli, shemeji yako kasema kweli, na mama mkwe naye ana hoja. Mkosa ni mmoja tu, yule aliyeandika hayo mapishi, na kwa ruhusa yako nitaanza na yeye, kwa sababu nimemsubiri siku nyingi.

Sentensi yake ni moja, makosa matatu. "Unga wa mahindi" tutalifikia. "Mchuzi wako" nalipita haraka: mchuzi wako, sufuria yako, kisu chako, kitunguu chako, utadhani tuko kwa kadhi tunagawana mali baada ya talaka. Mtu akishaingia jikoni kupika, mchuzi ni mchuzi. Linaloniondolea usingizi ni lile la kwanza kabisa: "ongeza".

Kuongeza ni kuzidisha kilichopo. Mshahara huongezwa, kwa wenye bahati. Chai huongezwa kwenye kikombe kilichokwisha kunywewa nusu. Kodi ya nyumba huongezwa bila mpangaji kuulizwa. Katika yote hayo kipo kitu cha mwanzo, kikazidi. Kinachoingia chunguni kwa mara ya kwanza hakiongezwi, hutiwa.

Tuchukue chumvi. Mtu kaketi jamvini nyumbani kwake Ngamiani, saa saba mchana, kawekewa wali na mchuzi wa changu. Anakula tonge la kwanza, anatafuna, anasema: "Ongeza chumvi." Hakuna mtu mle ndani atakayedhani anafundisha mapishi. Wote wamesikia lawama: chumvi imo, lakini haitoshi. Sasa mtu huyohuyo, tonge hilohilo, aseme: "Tia chumvi." Hapo mambo yamebadilika. Hapo anasema umesahau kabisa, mchuzi ni chapwa, akili yako ilikuwa wapi? Lawama mbili, uzito mbalimbali, na mke mwenye masikio atazijibu kwa namna mbili tofauti. Mtoto wa miaka sita wa mtaa huo anaijua tofauti hiyo. Mwandishi wa mapishi hajui.

Yeye ataandika: "Chemsha maji. Ongeza chumvi." Juu ya chumvi ipi? Binti anayejifunza kupika, akiwa msomaji makini, atarudi juu kuitafuta ile chumvi ya kwanza. Hataiona. Atajilaumu kwamba karuka mstari. Ataendelea: "ongeza mchele", na mchele bado umo ndani ya ungo, "ongeza kitunguu", na kitunguu hakijamenywa, "ongeza nyanya", "ongeza bizari", "ongeza ndimu". Mwisho wa ukurasa sufuria imejaa nyongeza tupu, na hakuna hata kitu kimoja kilichopata kutiwa. Na ikitokea kweli kwamba chumvi ilikuwamo ikapungua, mwandishi huyo atasemaje? Kalitumia neno lake lote mwanzoni. Nimeona mmoja aliyeandika "ongeza tena chumvi zaidi", maneno manne kufanya kazi ya mawili.

Chanzo chake hakijifichi. Mapishi yametolewa kwenye Kiingereza, ambako kuna kitenzi kimoja kinachotumwa kila mahali, naye mfasiri kakitafutia pacha mmoja wa Kiswahili akamtuma kila mahali vilevile. Lakini jiko la pwani halikuumbwa hivyo. Maji hutiwa, mafuta humiminwa, pilipili manga hunyunyizwa, unga wa ngano huchekechwa, nazi hukunwa ikakamuliwa, mboga huungwa. Kila kimoja kinaonyesha mkono unafanya nini. "Ongeza" haionyeshi mkono wowote.

Najua pia kwa nini vijana wanalikimbia neno "tia": wahuni wamelipa kazi nyingine. Sasa kila neno likichafuliwa na wahuni tulihame, tutabaki na maneno ya kutosha kuagizia chai? Bibi zetu walisema "tia" mbele ya wakwe na mashehe, na hakuna aliyeshika kichwa.

Utaniuliza, haya yote yanahusu nini kamba wako? (Wako kweli, hapa neno liko mahali pake, maana hasara umeipata wewe.) Yanahusu sana. Kwa chumvi, "ongeza" ni kero ya masikio. Kwa konflawa ni hasara ya chungu kizima. Konflawa haizitishi mchuzi pale inapoingia. Chembe zake hunywa maji na kuvimba kadiri moto unavyopanda, na kazi yake hukamilika karibu na kuchemka, kwenye nyuzi 95 hivi. Moto ukiwa bado mdogo mchuzi uko vilevile, mwepesi, kama hukutia kitu. Mpishi aliyeambiwa "ongeza, koroga hadi uwe mzito" anakoroga, haoni uzito, anatii amri: anaongeza. Kijiko cha tatu, cha nne. Halafu mchuzi unachemka, vyote vinavimba kwa pamoja, na mwiko unasimama wenyewe.

Mapishi ya mtu anayejua angesema hivi: vuruga kijiko kikubwa kimoja cha konflawa kwa vijiko viwili vya maji baridi, kisha tia kidogo kidogo kwenye mchuzi unaochemka huku unakoroga, uache utokote dakika moja. Ukiona bado ni mwepesi, hapo ndipo uongeze. Umeona? Neno lina kiti chake, sina ugomvi nalo likikaa hapo. Na maji yawe baridi kweli, kwa sababu konflawa kavu ikikutana na mchuzi wa moto huiva kwa nje ikafungia unga mkavu ndani, ukapata madonge yasiyovunjika hata kwa laana.

Sasa jina. Unga wa mahindi ni mahindi yaliyosagwa, basi. Yakikobolewa kwanza ukapata unga mweupe, hiyo ni sembe. Yakisagwa mazima, na kiini chake na ganda lake, hiyo ni dona, ambayo haikai sana ghalani kwa sababu kiini kina mafuta na mafuta huchacha. Konflawa haipatikani kwa kusaga tu. Mahindi hulowekwa, husagwa yakiwa na maji, kisha kiini, ganda na protini hutengwa, kikabaki kitu kimoja peke yake: wanga. Huo ndio hukaushwa ukatiwa kwenye paketi. Aliyewahi kukuna muhogo, akaukamua, akayaacha maji yake yatulie mpaka chini kukabaki tope jeupe, ameuona wanga kwa macho yake bila kiwanda. Na wapika halua hawahitaji somo hili: halua hupikwa kwa wanga, na atakayetia sembe atauza uji wa sukari.

Ukitaka kuvitambua bila kusoma paketi, finya kidogo kwa vidole. Sembe utasikia chenga. Konflawa ni laini kama poda ya mtoto, na ukiifinya kwa nguvu inalia chini ya vidole. Itie maji kidogo kikombeni: kijiko ukikizungusha taratibu kinapita, ukikiharakisha kinagoma kama kimekwama kwenye saruji. Sembe haina vituko hivyo.

Kama si unga, mbona jina lake lina unga ndani, maana hiyo "flawa" ni unga kwa Kiingereza? Hilo tuwaulize Waingereza. Mwaka 1854 kampuni ya Brown & Polson ya mji wa Paisley, Uskoti, ilisajili hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya wanga wake wa mahindi ikauita kwa jina lenye "unga" ndani yake. Jina likashika, na sisi tuliotawaliwa nao tukalipokea likiwa limeshabandikwa kwenye paketi. Wamarekani kitu hichohicho wanakiita kwa jina lenye "wanga". Kwao, kilipoanza kutengenezwa viwandani miaka ya 1840, kilikuwa cha kutilia nguo zikakamae kwenye pasi, upishi ukaja baadaye. Lile jina la "unga" wao wamelibakiza kwa mahindi yaliyosagwa laini. Kwa hiyo ni jina moja, vitu viwili, inategemea mapishi yametoka ng'ambo ipi ya Atlantiki. Mfasiri asiyejua hilo atakutumia sembe kwenye kamba na konflawa kwenye mkate. Dawa ni kutazama kipimo: kikitajwa kwa vijiko, kazi yake ni kuzitisha mchuzi, huo ni wanga, kikitajwa kwa vikombe, kazi yake ni kuoka au kusonga, huo ni unga. (Neno "mahindi" lenyewe linatupeleka India, na mmea umetoka Mexico. Ukianza kulalamikia majina hutamaliza.)

"Wanga wa mahindi" basi ndilo jina lake sahihi, na ukiandika kitabu au lebo, liandike hilo. Lakini simlaumu mama mkwe. Wanga pia ni wale watu wa usiku, na sisi wa Tanga tayari tuna sifa mbaya ya kutosha huko bara, hatuna haja ya kuwatumbukiza kwenye mchuzi. Mwambie tu kwamba sarufi imeshawatenganisha: wa chakula ni wanga huu, wa usiku ni wanga hawa. Umoja wa wale ni mwanga, na huu hauna umoja wala wingi. Wazee wa pwani walikuwa na "uwanga" pia, unga mweupe unaotokana na mzizi wa mmea mmoja wa porini. Ukimtajia hilo huenda akalainika, lina heshima yake.

Dukani sema "konflawa", utapewa. "Unga wa konflawa" ni kusema unga wa unga, na miaka iliyopita ningekupa ukurasa mzima juu yake. Siku hizi nimechoka. Angalau neno hilo linamlinda mnunuzi, maana muuza duka akisikia "unga" anageukia rafu iliyo sahihi. Nalivumilia. "Unga wa mahindi" kwa maana ya konflawa silivumilii, na "ongeza" ndiyo kabisa.

Maswali yako madogo uliyoandika pembeni: ukikosa konflawa, wanga wa muhogo unafaa, unga wa ngano nao unafaa, ila huo wa ngano utie karibu mara mbili na uuache uchemke zaidi ili harufu ya ubichi iishe. Kastadi ya paketi sehemu yake kubwa ni hiyohiyo konflawa, ila ina rangi na vanila, kwa hiyo usijaribu kwenye samaki. Na ukwaju au ndimu vitie mwishoni, mchuzi ukishakuwa mzito, kwa sababu ukali huo ukichemka pamoja na wanga huuvunja nguvu.

Lakini hebu nikuulize na mimi. Mchuzi wa kamba, Tanga, unazitishwa kwa konflawa kwa sababu gani? Nazi zimekwisha Makorora? Kuna nazi mbili, kuna mbuzi, kaa ukune. Tui la pili lipikie kamba. Tui la kwanza, kasimile, liweke kando, ulitie mwisho, likoroge lisikatike, likitokota mara moja epua. Hapo hakuna cha kuongeza.