Maswali na majibu: kifaduro, chanjo na watoto wanaolazwa

Daktari, nimesoma kwamba katika nchi nyingine wengi waliougua kifaduro walikuwa wamechanjwa. Basi chanjo inasaidia nini? — Baba, Umoja

Jambo hilo hutokea kweli, wala si ushahidi kwamba chanjo imeshindwa. Tuchukue mfano wa watoto 1,000, ambao 950 kati yao wamechanjwa na 50 hawajachanjwa. Tuseme ugonjwa unapoingia unawapata watoto 40 katika kila 100 wasiochanjwa, na 8 katika kila 100 waliochanjwa. Wagonjwa wasiochanjwa watakuwa 20, na waliochanjwa watakuwa 76. Anayehesabu wagonjwa peke yao atasema waliochanjwa ndio wengi, karibu mara nne ya wenzao, ilhali mtoto asiyechanjwa alikuwa katika hatari mara tano ya ile ya mwenzake. Kadiri chanjo inavyowafikia watoto wengi zaidi katika nchi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya wale wachache wanaougua itakavyotoka miongoni mwa waliochanjwa, kwa sababu karibu kila mtu amechanjwa.

Kwa hiyo, baba, ukionyeshwa takwimu za waliolazwa nchi nzima, uliza ni wangapi kati ya wangapi, wana umri gani, na walipata dozi ngapi. Mtoto aliyepata dozi moja na aliyekamilisha zote tatu hawafai kuwekwa kwenye fungu moja. Ni kweli pia kwamba kinga ya kifaduro hupungua kadiri miaka inavyopita, na ndiyo maana vijana na watu wazima huupata ugonjwa huo tena, ingawa kwa kawaida huwa mwepesi kwao.

Ukitaka kuona kinachotokea chanjo inapoachwa, tazama Japani. Mwaka 1974 watoto wapatao 80 katika kila 100 walikuwa wakichanjwa, na wagonjwa walikuwa mia chache. Chanjo ilisimamishwa kwa muda mwaka 1975 baada ya watoto wawili kufariki muda mfupi tangu walipochanjwa, wazazi wakaingiwa na hofu, na kufikia mwaka uliofuata waliochanjwa walikuwa wameshuka hadi takriban 10 katika kila 100. Mwaka 1979 nchi hiyo ilipata wagonjwa zaidi ya 13,000, na 41 wakafa.

Mwanangu ana wiki tatu. Tunaishi chumba kimoja, na mjomba wake anakohoa usiku kucha kwa zaidi ya wiki mbili. Je, nihofu? — Mama, Kayole

Ndiyo, mama, na nakuomba usingoje. Kifaduro huambukizwa kwa urahisi mno ndani ya nyumba moja, na watoto wa umri wa mwanao ndio hulazwa na kufa zaidi ya wengine wote. Njia zao za hewa ni nyembamba, nao hawajapata hata dozi ya kwanza, ambayo hapa Kenya hutolewa wakiwa na wiki sita. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba karibu theluthi moja ya watoto wa chini ya mwaka mmoja wanaougua kifaduro huhitaji kulazwa, na kwamba kati ya wanaolazwa, wapatao wawili katika kila watatu hupata vipindi vya kuacha kupumua.

Wengi husubiri wasikie ule mlio wa kuvuta pumzi kwa nguvu baada ya kikohozi. Mtoto mchanga huenda asitoe mlio huo kabisa. Anaweza hata asikohoe sana, bali anyamaze, alegee na aache kupumua kwa sekunde kadhaa. Tazama midomo, ulimi na ufizi wake: vikigeuka rangi ya buluu au kijivu, au akishindwa kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mjomba naye aende kituo cha afya leo. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinapaswa kupimwa kifua kikuu pia. Ikionekana ni kifaduro, atapewa dawa ya kuua bakteria, mara nyingi azithromaisini ya siku tano, na muuguzi ataamua kama wengine nyumbani waitumie kwa kinga. Hadi atakapomaliza dawa, alale kwingine ikiwezekana, na asimbebe mtoto.

Je, mama mjamzito anaweza kuchanjwa ili mtoto azaliwe na kinga? — Msomaji, Kangemi

Anaweza. Uingereza ilianza kuwachanja wajawazito mwezi Oktoba 2012, mwaka ambao watoto wachanga 14 walikufa kwa kifaduro huko England, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba chanjo hiyo ilipunguza ugonjwa kwa takriban asilimia 90 miongoni mwa watoto wa miezi ya mwanzo. Chanjo ya kawaida ya wajawazito katika kliniki zetu za umma hulenga pepopunda, si kifaduro. Naamini suala hili linastahili kujadiliwa kwa uzito hapa nchini, kwa kuwa pengo la wiki sita za kwanza haliwezi kuzibwa kwa kumchanja mtoto mwenyewe.

Mtoto wetu ana miezi minne na alipata dozi moja tu, kwa sababu tulisafiri kijijini. Je, tutaanza upya? — Wazazi, Kawangware

Hapana. Dozi aliyopata inahesabiwa. Mpelekeni kliniki wiki hii mkiwa na kijitabu cha mama na mtoto, naye ataendelea na ya pili, kisha ya tatu baada ya wiki nne au zaidi. Ratiba ya kawaida ni wiki 6, 10 na 14. Mtamwona muuguzi akimdunga pajani upande wa kushoto. Sindano hiyo moja hukinga dhidi ya kifaduro, dondakoo, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib, wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Katika vituo vya umma hutolewa bila malipo.

Baada ya chanjo mtoto alipata joto. Na je, asali inatibu kikohozi? — Nyanya, Embakasi

Joto la siku moja au mbili na uvimbe mdogo pajani ni mambo ya kawaida. Likizidi hapo, au akilia bila kunyamaza kwa saa kadhaa, mrudisheni kliniki. Nawe nyanya, usimpe asali mtoto yeyote aliye chini ya mwaka mmoja, kwani inaweza kumletea botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu unaolegeza misuli.