Vumbi la Mpini: Ushauri kwa Anayetengeneza Visu kwa Mkono

Anayeanza kutengeneza visu huonywa mapema kuhusu moto wa tanuru, cheche za chuma na makali yenyewe, na maonyo hayo yana sababu. Hatari ambayo haitajwi vya kutosha huja mwishoni mwa kazi, wakati bapa limekwisha kupata umbo na fundi ameshika mpini mbele ya mkanda wa msasa, akiamini kwamba sehemu ngumu imepita. Kwa uzoefu wangu, mafundi wengi huogopa vibaya: huvaa barakoa wanaposaga plastiki kwa sababu inanuka, kisha huivua wanapogusa mbao kwa sababu ni kitu cha asili kinachonukia vizuri. Lakini kati ya vumbi lote la karakana ya visu, vumbi la mbao ni miongoni mwa yale ambayo madhara yake yamethibitishwa kwa muda mrefu.

Katika miaka ya 1960, madaktari nchini Uingereza waligundua kwamba saratani adimu ya ndani ya pua ilikuwa ikiwapata kupita kiasi mafundi wa samani wa High Wycombe, mji uliojulikana kwa utengenezaji wa viti. Uchunguzi wa baadaye ulikubaliana nao, na mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika kundi la 1, yaani miongoni mwa vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Ugonjwa huo huchukua miongo kadhaa kujitokeza. Kwa hiyo anayesema kwamba amesaga mbao miaka mingi bila kudhurika hajathibitisha lolote.

Kwa mtengenezaji wa visu, hata hivyo, tatizo linalokuja haraka zaidi ni mzio. Mbao tunazozipenda kwa mipini ni zile zilizo nzito, zenye mafuta na rangi iliyokolea, na sifa hizo hutokana kwa sehemu na kemikali ambazo mti hujilindia dhidi ya wadudu na kuvu. Mpingo, kokobolo na mbao za rozwudi ni ndugu wa jenasi moja, Dalbergia, na zote zina kemikali za jamii ya kwinoni zinazoweza kuufundisha mwili kuzichukia. Mvule na msaji nazo zinajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchokoza njia ya hewa. Ubaya wa mzio wa aina hii ni kwamba hauanzi siku ya kwanza. Fundi anaweza kusaga kokobolo msimu mzima bila hata kupiga chafya, kisha siku moja kope zikavimba, vipele vikatoka pale jasho lilipokusanya vumbi, au kifua kikabana usiku akiwa kitandani. Mwili ukishajifunza hausahau, na kila mara kiasi kidogo zaidi hutosha kuuamsha. Namfahamu fundi mwenzangu ambaye sasa hawezi hata kukaa kwenye chumba ambamo mbao hiyo imesagwa. Ushauri wangu kwa aliyefikia hapo ni mmoja tu: aiache mbao hiyo kabisa, wala asijaribu kuivumilia kwa dawa za mzio, kwa maana pumu inayotokana na kazi inaweza kubaki hata baada ya kazi kuachwa.

Vifaa vya kiwandani vina shida zake. Micarta ni kitambaa au karatasi iliyoloweshwa kwa resini ya fenoli, yaani utomvu wa kiwandani unaogeuka plastiki ngumu, na kugandamizwa kwa joto, na ikichomwa na mkanda butu hutoa mvuke wenye formaldehaidi, gesi yenye sumu. Ule moshi mkali unaposikika puani, jibu ni kubadilisha mkanda na kupunguza mwendo wa mashine, si kufungua dirisha na kuendelea. G10 ni nyuzi za kioo ndani ya epoksi, aina nyingine ya resini. Nyingi ya nyuzi hizo ni nene mno kufika ndani kabisa ya pafu, lakini huchoma ngozi na koo, na unga wa resini unaotoka pamoja nazo ni laini sana. Fiberi ya kaboni huongeza kero nyingine, kwa kuwa vumbi lake hupitisha umeme na likiingia kwenye mota au swichi laweza kuunguza mashine. Mbao zilizonyweshwa resini ili ziwe ngumu zihesabiwe kuwa mbao na plastiki kwa pamoja. Nami humwomba kila anayeokota vibao vya bakelaiti, plastiki ngumu ya resini ya fenoli, kutoka kwenye vifaa vya umeme vya zamani aviache vilipo, hata vikiwa na rangi ya kuvutia, kwa sababu baadhi ya aina hizo zilitengenezwa kwa kitambaa cha asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu, na jicho haliwezi kukitofautisha na cha pamba.

Kuhusu mfupa na pembe nitasema machache. Vinunuliwe kwa mtu anayeeleza vilikotoka na jinsi vilivyosafishwa, kwani vijidudu vya kimeta hujihifadhi kwenye mabaki ya mnyama kwa miaka mingi. Kombe la lulu huzungukwa na hadithi za sumu kali, ilhali kwa sehemu kubwa ni kalisi kaboneti, madini yale yale ya chokaa, pamoja na protini kidogo. Hata hivyo, vumbi lake limewahi kuleta uvimbe wa mapafu unaotokana na mzio, na njia ya kulifanyia kazi ni maji tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo ambalo fundi hupaswa kulielewa kuliko yote ni ukubwa wa chembe. Msasa namba 60 hutoa unga mzito unaoanguka miguuni, nao ndio tunaouona na kuufagia. Kadiri namba inavyopanda kuelekea 400, ndivyo vumbi linavyozidi kuwa laini, mpaka chembe zenye chini ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) zinaweza kubaki zikielea hewani kwa saa kadhaa baada ya mashine kuzimwa. Zima taa zote za karakana, kisha washa tochi ukiielekeza kwa ubavu. Utakachokiona ndani ya mwanga huo ndicho ulichokuwa ukivuta. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza vumbi la mbao lisizidi miligramu 1 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa wastani wa siku ya kazi, na kiwango hicho hupitwa upesi mno mbele ya mkanda unaozunguka kasi bila mfyonzo.

Kinga huanzia pale vumbi linapozaliwa. Mdomo wa bomba la kufyonza ukae chini ya mkanda, karibu kadiri inavyowezekana, kwa kuwa nguvu yake hupungua haraka sana unapousogeza mbali. Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa mashine hawalielezi vya kutosha: unaposawazisha mpini na mkia wa bapa, mkanda mmoja husaga mbao na chuma kwa wakati mmoja, na cheche ya chuma ikilala ndani ya mfuko uliojaa unga wa mbao inaweza kuzua moto saa kadhaa baadaye, karakana ikiwa imefungwa. Mimi hupitisha hewa hiyo kwanza kwenye ndoo ya chuma yenye maji, na simwachii mtu mwingine kazi ya kuimwaga jioni. Msasa wa mwisho, kuanzia namba ambayo mkono unatosha, nafanya kwa maji au kwa mafuta ya kumalizia. Kasi hupungua, lakini vumbi lote hugeuka tope kwenye kitambaa.

Barakoa huja baada ya hayo. Ile ya kitambaa au ya upasuaji haifai. N95 huzuia walau asilimia 95 ya chembe ndogo, na P100 asilimia 99.97, ila takwimu hizo hazina maana ikiwa pembeni panavuja, na ndevu hata za siku chache huvujisha. Chujio la vumbi pia halizuii mvuke wa gundi, asetoni au resini. Kwa hayo kuna chujio la kaboni, na yapo yanayounganisha yote mawili. Ivae kabla ya kuwasha mashine na usiivue mashine inapozima, bali baada ya hewa kusafika au ukiwa umetoka nje. Usafishaji ufanyike kwa kifyonza chenye chujio la HEPA, linalonasa chembe ndogo sana, au kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu na hewa ya kompresa hurudisha hewani kila kilichokwisha kutua. Nguo za karakana zisiingie ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Ukipata kikohozi kisichoisha, au tundu moja la pua likiziba au kutoa damu mara kwa mara, mweleze daktari kazi yako na umpelekee orodha ya vifaa unavyosaga, kwa sababu asipoambiwa hatakuwa na sababu ya kufikiria mpini wa kisu. Kwa mnunuzi, mpini uliokwisha kukaushwa na kupakwa mafuta hautoi vumbi, ila wapo watu wachache ambao ngozi yao huwashwa na rozwudi kwa kuishika tu. Ndiyo maana kila kisu changu hutoka na kadi yenye jina la mbao, na mnunuzi akitaja mzio namtengenezea mpini wa mbao isiyo ya jamii hiyo.