Gauni la sauti ya kwanza

Mhariri, salaam. Wiki hii mmetuuliza: bendi ikifiwa na mwimbaji wake mkuu, iendelee kwa jina lile lile au ivunjike? Mkatukumbusha Msondo Ngoma baada ya TX Moshi William kufariki mwaka 2006. Ya Msondo nawaachia wapenzi wao, wanajua walichopoteza na walichobaki nacho. Mimi nataka kusema juu ya bendi ya mbali, na juu ya kwaya moja ya huku kwetu Moshi ambayo kaseti yake hamtaipata, kwa sababu haikurekodiwa.

Nimeshika kalamu nikiwa na jibu moja: ivunjike. Nimelishika jibu hilo tangu mwaka 1996.

Bendi ninayoisema ni AC/DC, watu wa roki ngumu wa Australia. Wenyewe hasa walikuwa ndugu wawili, Malcolm na Angus Young, wazaliwa wa Glasgow ambao wazazi wao walihamia Sydney. Mwimbaji wao aliitwa Bon Scott. Mwaka 1979 walitoa Highway to Hell, albamu iliyowafungulia mlango wa Marekani. Tarehe 19 Februari 1980 Bon Scott akafariki London. Alikuwa ameachwa amelala ndani ya gari baada ya usiku wa kunywa, na hakuamka. Alikuwa na miaka 33. Tarehe 25 Julai mwaka huo huo albamu mpya, Back in Black, ikaingia sokoni na sauti ya mtu mwingine. Hesabuni wenyewe, ni miezi mitano. Kwetu miezi mitano baada ya maziko kaburi halijajengewa.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linaniuma.

Kwaya yetu ilikuwa ya watu ishirini na wawili. Mimi niliimba sauti ya kwanza, nikisimama wa pili kutoka kushoto, na wa kwanza alikuwa dada mmoja aliyekuwa akianzisha nyimbo zetu zote. Hakuwa na sauti kubwa. Alikuwa na sauti inayoingia mahali pake bila kusukuma, na alipoanzisha hata wazee wa nyuma waliacha kukohoa. Nyimbo nyingi alitunga mwenyewe, kwenye daftari la kurasa mia lenye jalada la bluu, maneno upande mmoja, na upande wa pili alama zake mwenyewe za mahali pa kupumua. Tulikuwa tumechanga fedha za studio. Nyimbo nane zilikuwa tayari, mbili zilikuwa bado. Malaria ikampanda kichwani, siku nne tu, akaenda.

Tulimzika Jumamosi. Alhamisi iliyofuata mwalimu wa kwaya alituita mazoezini. Nakumbuka kila kitu cha jioni ile. Mvua ilikuwa imenyesha, tumeacha viatu mlangoni, taa moja ndiyo iliyokuwa inawaka. Tulijipanga kama kawaida, na pale kushoto pakabaki upana wa mtu mmoja. Hakuna aliyesogea. Mwalimu akatoa sauti kwenye kinanda, akanyosha mkono kuelekea pale palipokuwa wazi, kwa mazoea tu, kisha akaushusha. Akaja akanisimamia mbele. "Dada, anzisha wewe." Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Tukaimba wimbo mmoja wa kitabuni, tukaomba, tukatawanyika.

Wiki ya pili alikuja mama yake. Tulikuwa tunapanga mabenchi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba mwanangu," akakaa karibu yangu na mfuko mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na sare ya kwaya ya marehemu, lile gauni letu la kitenge cha zambarau lenye kola nyeupe. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi. Akaligeuza ndani nje akanionyesha upindo. Alikuwa ameukunjua, kwa sababu mimi ni mrefu kuliko binti yake, na akaushona upya kwa mkono, mishono midogo midogo, kwa uzi usiolingana sana na kitambaa. Ule mstari wa upindo wa zamani ulikuwa bado unaonekana, zambarau iliyokoza kuliko kwingine. Chini ya gauni aliweka lile daftari la bluu. Akasema, "Mwanangu, nyimbo zisilale."

Nilikataa. Nilisema siwezi kuvaa nguo ya marehemu nikasimama mahali pake watu wananitazama. Nilisema kwa adabu, lakini nilisema. Akalikunja tena gauni polepole, mikono ya gauni ndani, kola juu, akaenda nalo pamoja na daftari. Baada ya hapo hatukufika hata miezi mitatu. Yakaingia maneno ya fedha za studio, ambayo sitaki kuyaeleza, na kwaya ikafa.

Ndiyo maana niliposoma swali lenu nilisema moyoni: ivunjike, na mimi nilifanya vizuri.

Lakini kuna jambo la pili. Mpiga besi wetu alikuwa fundi redio. Miezi kadhaa baadaye nilipita kibandani kwake kuchukua redio ya baba, akanivika spika za masikioni za redio yake ndogo ya kaseti. Akasema, "Sikiliza mwanzo tu, halafu nitakuambia." Ilikuwa ndiyo hiyo Back in Black, aliyoachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea. Nikasikia kengele. Kengele kubwa, moja, kisha nafasi, kisha moja tena. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa kengele ya namna hiyo. Ikigongwa hivyo usharikani kwetu unaacha ulichoshika mkononi na kuuliza ni nani. Gitaa lilipoingia chini yake nilikuwa tayari ninalia mbele ya wateja. Wimbo wenyewe unaitwa Hells Bells, Kengele za Jehanamu, jina ambalo mimi mtu wa kanisa silipendi hadi leo. Fundi akaniambia habari za Bon Scott. Nilikasirika. Nilimwambia hao wamefanya biashara ya msiba.

Miaka yote hii nimekuwa nikisoma kila ninachopata juu ya albamu ile, nadhani nikitafuta ushahidi kwamba nilikuwa sahihi. Leo ninapoyaandika haya kwa mpangilio, ushahidi unakwenda upande mwingine.

Kwanza, waliomba ruhusa, au niseme walipewa. Kwenye mazishi, huko Australia Magharibi, wazazi wa Bon ndio waliowaambia akina Malcolm waendelee. Nasoma hilo na ninaona mfuko mapajani.

Pili, aliyeingia hakujifanya Bon. Brian Johnson alikuwa mtu wa kaskazini mwa Uingereza, karibu na Newcastle. Aliwahi kuimba na bendi ya Geordie, na wakati anaitwa alikuwa anajipatia riziki kwa kutengeneza mapaa ya vinaili ya magari. Siku ya kujaribiwa aliimba Nutbush City Limits ya Tina Turner. Na Bon mwenyewe, enzi za uhai wake, alimwona Johnson jukwaani na akawasimulia wenzake kwa sifa. Kwa hiyo marehemu alikuwa ameshamtaja.

Halafu ile kazi yenyewe. Walirekodi Nassau, visiwa vya Bahamas, Aprili na Mei 1980, katika studio ya Compass Point. Walifika wakakuta dhoruba, umeme unakatika, na ngurumo na mvua ile ikaingia moja kwa moja katika maneno ya ule wimbo wa kengele. Prodyuza alikuwa Robert John Lange, wanayemwita Mutt. Huyu alizaliwa Mufulira, mji wa shaba wa Zambia, hatua chache tu kutoka mpaka wa Katanga. Wengi wenu mmecheza kazi yake bila kujua, maana ndiye aliyetengeneza Come On Over ya Shania Twain, ile iliyopigwa kwenye kila harusi. Ni mtu wa kurudia. Anasimamisha mstari mmoja, anarudisha, anasimamisha tena, mpaka sauti ikae. Ukiisikiliza Back in Black utaona kwamba gitaa la Malcolm linapiga kisha linanyamaza, na ule ukimya umepimwa kama pigo lenyewe. Anayejua kuimba anajua ugumu wake. Yule dada yetu ndivyo alivyokuwa akiandika upande wa pili wa daftari: hapa pumua, hapa nyamaza.

Kengele nayo ilitafutwa. Waliagiza ya takriban tani moja kwa John Taylor, wafua kengele wa Loughborough, Uingereza. Kabla haijakamilika, mhandisi wa sauti Tony Platt alijaribu kurekodi kengele za mnara wa kumbukumbu ya vita wa mji huo huo, lakini ndani waliishi ndege, na kila kengele ilipogongwa waliruka na mabawa yao yakaingia kwenye mkanda. Ikabidi wairekodi yao kiwandani. Mtu anayetaka kuficha msiba hahangaiki hivyo kuutafutia sauti. Jalada pia walitaka liwe jeusi tupu, kwa maombolezo. Kampuni ya Atlantic ikagoma, wakakubaliana jina la bendi lizungushiwe mstari wa kijivu. Na wimbo wenyewe wa Back in Black ndugu wale walimwomba Johnson auandike kwa ajili ya Bon, lakini usiwe wa kulialia.

Watu waliipokeaje albamu ile? Uingereza na Australia ilishika namba 1, Marekani namba 4. Mwaka 2019 Marekani peke yake ilitambua nakala milioni 25, na duniani inakadiriwa kufika milioni 50. Siyasemi hayo kama hoja, maana hata kitu kibaya huuzwa.

Kuna kimoja ambacho siwezi kuwasamehe. Ndani ya albamu hiyo hiyo kuna Have a Drink on Me, wimbo wa kukaribishana pombe. Mwenzenu ameuawa na nini? Nimewahi kuwatetea kwa kusema kwamba wimbo ule ulianza Bon akiwa hai, na kweli, siku chache kabla ya kufa alikaa kwenye ngoma akawapigia wakati wanaujaribu, kwa kuwa zamani alikuwa mpiga ngoma. Labda kuuacha nje kungekuwa kuiacha nje mikono yake. Sijui. Nikiusikia naupitisha.

Basi jibu langu, ambalo silo nililokuja nalo: iendelee, na jina libaki. Ila familia iwe imesema. Ila msiba usifichwe, usikike tangu pigo la kwanza. Ila anayeingia awe na sauti yake mwenyewe. Mwaka 2016 Johnson alipozuiwa na masikio yake, wakamchukua Axl Rose, mwimbaji wa bendi ya Guns N' Roses, amalizie ziara, hapo mimi nilishindwa kuwafuata. Pengine kwa sababu hapakuwa na kaburi, palikuwa na tiketi zilizokwisha kuuzwa. Na bendi ya ndugu si sawa na kwaya ya kanisa, nalijua hilo.

Nyimbo zile nane nilipaswa kuziimba. Yule mama alikuwa ameniruhusu kwa mikono yake, na mimi nikaona nguo tu. Lakini gauni lile, hata leo, nisingelivaa. Ningelipokea, nikambusu mikono, nikaliweka juu ya kile kiti cha kushoto. Daftari ningelichukua.