Jibu la msomaji: Kabla ya bango, kalenda mbili

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwenye biashara ndogo aanzie wapi anapoandika mpango wa kutafuta soko? Mimi nasema aanzie kwenye kalenda, na hapa Lamu kalenda ni mbili.

Nauza kofia za mkono mtaa wa Langoni. Kofia ya vito, yaani iliyodariziwa kwa sindano, haitoki kwa siku moja. Fundi huishona nyumbani baina ya shughuli zake, na ile nzuri hasa huchukua miezi. Kwa hiyo mteja wa Idi hatafutwi Ramadhani. Hutafutwa mapema, tena akatoa arbuni, ndipo fundi ashike sindano. Maulidi ya Mfunguo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, nayo huleta wageni mjini, na kabla ya mwezi wa kufunga harusi hufuatana. Hiyo ndiyo kalenda ya kwanza, ya Kiislamu. Tarehe hizo zote ziandikwe kwanza, kisha uhesabu kurudi nyuma: lini utangaze, lini ufunge kupokea oda.

Kalenda ya pili ni ya watalii. Hujaa Shela, kijiji cha ufukweni jirani na mji wetu, tangu Desemba mpaka Machi, wakarejea Julai na Agosti; kati ya Aprili na Juni mvua ya masika na kusi huwapunguza, hata baadhi ya hoteli hufunga.

Sasa, kalenda hizi haziendi pamoja. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11, kwa hiyo anayenakili mpango wa mwaka jana atachelewa. Ramadhani ya 2024 ilianza Machi. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, wakati mji umejaa wageni wa Krismasi. Mtalii hupita mchana; watu wa mji hutoka baada ya tarawehe. Atakayekuwa na duka wakati huo apange zamu mbili na maneno ya aina mbili, maana mmoja anataka kumbukumbu ya safari na mwingine anataka kofia ya kuswalia Idi.

Jambo jingine: avaaye kofia mara nyingi siye alipaye. Wanunuzi wangu wengi ni mama, mke au dada, na jamaa walioko Mombasa na Omani. Hawa hawapiti dukani. Wanaona picha kwenye WhatsApp, basi picha iandamane na bei, kipimo cha kichwa na muda wa kusubiri, la sivyo utajibu swali lile lile usiku kucha.

Asiyejua wateja wake huja lini afungue jumbe za M-Pesa za mwaka uliopita. Kila moja ina tarehe na saa. Na kila mnunuzi mpya aulizwe ametupata vipi, jibu liingie daftarini.

Vijana waliosomea biashara watasema nembo na bango kwanza. Nembo ingoje. Bango katika vichochoro vyetu atalisoma punda.

Bajeti yangu haina mengi: bando, nauli ya boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, na ada ya kifurushi kwenye basi la Mombasa. Hizo mbili za mwisho huziingiza kwenye bei tangu mwanzo, kwa sababu mteja akishakubali bei ya kofia, kumwongezea ya usafiri ni ugomvi.

Muuza kofia, Langoni, Lamu