Ukiulizwa Ukristo umeifanyia nini dunia, usikimbilie kujibu

Mi nimeshawahi kuaibika mbele ya vijana kumi na kitu kwa swali moja fupi tu. Nilikuwa nafundisha darasa la vijana kanisani, mada ya siku hiyo kuenea kwa injili, nimejiandaa kweli kweli, ubaoni nimechora mishale kutoka Yerusalemu kwenda Antiokia, Efeso, Korintho mpaka Roma, naongea kwa mbwembwe kwamba bila Ukristo dunia isingejua hospitali wala huruma, na kwamba Ukristo ndo uliofuta utumwa. Kijana mmoja wa nyuma, mpole sana yule, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na waliokuwa na hao watumwa walikuwa dini gani?"

Nikamjibu vile nilivyosikia wakubwa wakijibu miaka yote, kwamba hao hawakuwa Wakristo wa kweli. Akasema "asante mwalimu" akakaa. Unaijua ile asante ya mtu ambaye keshakutoa kwenye orodha ya watu wa kuwauliza? Ndo hiyo. Wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata tena.

Nimekaa na lile swali muda mrefu, nimesoma, nimebishana na watu, na nimejifunza vitu ambavyo natamani mtu angeniambia kabla sijasimama mbele ya ubao. Kwahiyo kama we ni mwalimu wa vijana, au mzazi ambaye mwanao ameanza kuuliza, au umeshaacha kanisa lakini bado mnabishana na wenzio, nisikilize kidogo.

Kwanza lile jibu la "hawakuwa wa kweli" litupe kabisa. Manake ukilikubali, kila jema linaandikwa kwetu na kila baya linaandikwa kwa watu wengine, na hakuna mtu mwenye akili anayeamini daftari la duka lenye mauzo tu halina matumizi. Kijana anaweza asikubishie lakini amekuona.

Pili, usianzie kwa Konstantino, yule Kaisari wa Roma. Karibu wote tunaanzia hapo, mwaka 313, ruhusa ya kuabudu, halafu Kaisari Teodosio mwaka 380 anaifanya imani ya Nisea, ile iliyokubaliwa kwenye mkutano wa maaskofu huko Nisea, kuwa dini ya dola, na msikilizaji anaondoka akidhani dini ilienea kwa sababu mfalme alipenda. Ilishaenea kabla. Kuna barua ya Plinio Mdogo, gavana wa Bithinia, kaskazini ya Uturuki ya leo, aliyomwandikia Kaisari Trajan kama mwaka 112 hivi, analalamika kwamba kitu hiki kimeshaingia mijini, vijijini mpaka mashambani, watu wa kila umri na kila hadhi, wanaume kwa wanawake. Alitaka kujua wanafanya nini huko wanakokutana, kwahiyo akakamata wanawake wawili watumwa, ambao kwenye kundi lao walikuwa na cheo cha wahudumu, akawatesa ili waseme. Na alichokipata ndo hiki: wanakutana alfajiri, wanamwimbia Kristo kama mungu, na wanaapa kutoiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja ahadi, na kutoikana amana ya mtu akija kuidai. Basi. Gavana mzima katesa watu akaambulia orodha ya mambo ambayo angependa hata karani wake ayafanye.

Mi nikiwasomea vijana hiyo barua siku hizi nasimama hapo hapo kwa wale wanawake wawili. Majina yao hatuna. Ni watumwa, kwa sheria ya Roma ni mali ya mtu, lakini kwenye lile kundi lao ni viongozi. Hapo ndo unaona kitu kipya kimeingia duniani, kwenye mwili wa watu waliolipia, tofauti na kwenye hotuba. Na hapo nikapata swali ambalo sasa nalitumia kila mahali: hili jambo jema mnalojisifia, lilimgharimu nani? Kama lilimgharimu anayelisema, naliamini haraka. Kama gharama yote ilibebwa na mtu mwingine, nakaa nalo kwanza.

Chukua tauni ya karne ya tatu, ile wanayoiita kwa jina la Sipriani askofu wa Karthago. Dionisi, askofu wa Aleksandria kule Misri, ameandika kwamba Wakristo walibaki kuwauguza wagonjwa na wengi wakafa nao, wakati wengine walikuwa wanawasukuma ndugu zao barabarani kabla hawajakata roho. Ni maneno mazito, ila ni askofu anasifia watu wake, lazima atie chumvi kidogo. Ndo maana mi ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa adui. Kaisari Juliani, aliyetaka kurudisha miungu ya zamani kati ya 361 na 363, alimwandikia kuhani wake mkuu kule Galatia akifoka kwamba ni aibu, hawa Wagalilaya wasiomcha mungu wanawalisha maskini wao na wetu pia, akaagiza zijengwe nyumba za wageni kila mji na akatenga ngano kwa ajili hiyo. Yaani mtu anayekuchukia anaiga unachofanya. Ukitaka ushahidi mzuri kuliko huo utautoa wapi? Na muda si mrefu baada yake Basili, askofu wa Kaisaria, akajenga ile sehemu kubwa nje ya mji, wagonjwa, wasafiri, mpaka wenye ukoma, na Roma mwanamke tajiri aitwaye Fabiola akafungua hospitali akawa anaosha vidonda vya watu kwa mikono yake. Kwahiyo pointi ya hospitali naitetea bila wasiwasi, ila naisema hivi, kwa watu na miaka, sio "Ukristo ulileta huruma" kama vile kabla ya hapo hakuna mama aliyemuonea huruma mtoto wake. (Na Wayahudi walikuwa wanasaidiana kitambo tu, Juliani mwenyewe kwenye barua hiyo hiyo anasema hakuna Myahudi anayeombaomba.)

Watoto wachanga pia. Kumtupa mtoto usiyemtaka lilikuwa jambo la kawaida Roma, Wakristo walilipinga tangu mwanzo kabisa, na mwaka 374 kuua kichanga kukawa kosa kwa sheria. Hilo nalo lilikuwa na gharama yake, kila mtoto asiyetupwa ni mdomo wa kulisha.

Sasa tuje kwa upanga, manake ukilikwepa hili umerudi kule kule. Mwaka 782 Karolo Mkuu, mfalme Mkristo wa Wafranki, aliwaua Wasaksoni 4,500 kule Verden, Ujerumani ya leo, hiyo ndo idadi waliyoiandika watu wake mwenyewe, na baada ya hapo ikatoka sheria kwamba Msaksoni akikataa ubatizo afe. Ukilisema hili mbele ya waumini kuna mtu atakukatiza "lakini zama zile ndo zilikuwa hivyo". Hapana bana. Zama zile zile, ndani ya watu wa mfalme yule yule, kulikuwa na msomi anaitwa Alcuin aliyeandika kwamba imani ni jambo la hiari, mtu unaweza kumsukuma kwenye maji ya ubatizo lakini huwezi kumsukuma kwenye imani. Kwahiyo walijua. Ushauri wangu, kila ukikuta uovu uliofanywa kwa jina la msalaba mtafute na Mkristo wa wakati huo huo aliyeupinga, mara nyingi yupo, na ukimpata usimtumie kufuta uovu, mtumie kuondoa kisingizio.

Haya, utumwa. Hapa nitakaa maana ndo pale nilipoaibikia.

Karibu mwaka 380 Gregori wa Nisa, mdogo wake Basili, alihubiri juu ya kitabu cha Mhubiri, pale mtu anapojisifu kununua watumwa, akauliza umemnunua kwa bei gani mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, na nani huyo muuzaji. Nilivyoisoma mara ya kwanza nilitaka kuruka juu, nikasema sasa yule kijana akirudi nina jibu! Halafu nikaendelea kusoma nikakaa chini. Manake kanisa lililomsikia Gregori halikufuta kitu, liliendelea, maaskofu walikuwa na watumwa, na mwaka 1452 Papa Nikolasi V akamwandikia mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwateka wasioamini na kuwatia katika utumwa wa daima. Kuanzia mahubiri yale mpaka barua hii ni zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 1537 papa mwingine, Paulo III, akaandika kwamba wenyeji wa Amerika wasinyang'anywe uhuru wao, lakini meli za kutoka Afrika hazikusimama.

Las Casas, padri Mhispania, ndo mtu wa kumsoma hapa, sio kwa sababu ni shujaa safi. Mwaka 1511 padri mmoja, Montesinos, aliwahubiria Wahispania kule Hispaniola, kisiwa cha Karibi, akiwauliza kama hawa wenyeji sio watu, na Las Casas wakati huo mwenyewe ana wenyeji wanaomfanyia kazi na hakubadilika siku hiyo. Ilimchukua mpaka 1514 kuwaachia. Akawatetea maisha yake yote, lakini kuna kipindi alishauri waletwe Waafrika badala yao, na baadaye akajutia kwa maandishi. Mi vijana wangu nimewaambia huyu ndo Mkristo ninayemwelewa, aliona nusu, akachelewa kuona nusu nyingine, na akakubali kuandika kwamba alikosea.

Halafu kuna wale wanne wa Germantown, Pennsylvania, mwaka 1688. Waliandika karatasi kuwaambia Waquaker wenzao, dhehebu dogo la Kikristo, kwamba kumnunua mtu ni kuiba. Mkutano mdogo ukasema hili zito tulipeleke juu, wa juu ukasema zito, wa juu zaidi ukaliweka pembeni. Likaja kufika 1776 ndo Waquaker wa Philadelphia wakakataza waumini wao kumiliki watumwa. Miaka 88! Ukiwahi kukaa kwenye kamati ya kanisa hiyo hadithi haikushangazi hata kidogo. Lakini ni hao hao, mwaka 1787 kule London, waliokuwa 9 kati ya wale 12 walioanzisha kamati ya kupinga biashara hiyo, na mwaka 1807 bunge la Uingereza likaipiga marufuku.

Na upande wa pili wa daftari: shirika la misheni la Kanisa la Uingereza lilirithi shamba la miwa Barbados, shamba la Codrington, na watumwa wa pale walichomwa kifuani kwa chuma cha moto, neno Society, yaani shirika. Shirika la kueneza injili. Utumwa ulipofutwa kwa sheria ya 1833 serikali ilitoa pauni milioni 20 za fidia na zilienda kwa wenye watumwa, shirika hilo likiwemo, watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Lile swali langu la nani alilipa, hapo linajijibu.

Kwahiyo sasa nikiulizwa kama Ukristo ulifuta utumwa nasema Wakristo waliutetea kwa Biblia, Wakristo waliupinga kwa Biblia hiyo hiyo, na watumwa wenyewe, kama Olaudah Equiano aliyeandika maisha yake mwaka 1789, walisoma injili wakawauliza mabwana zao mbona mnasema tuwatendee wengine kama tunavyotaka kutendewa. Ni sentensi ndefu na haipigiwi makofi. Nimezoea.

Kitu kingine cha haraka, kama unaongea na mtu aliyeondoka kanisani. Mdogo wangu aliondoka, na tulibishana karibu mwaka mzima tukirushiana matukio, mi Wilberforce, yule mbunge Mwingereza aliyepigania kukomesha biashara ya watumwa, yeye Vita vya Msalaba, mi hospitali yeye mahakama za wazushi, kama watu wanaocheza karata. Haikusaidia chochote. Kilichosaidia ni siku nilipomwambia hapo una haki kabisa, bila kuongeza "lakini". Hiyo "lakini" ndo huharibu, jaribu kuimeza uone kazi yake. Alinyamaza kidogo halafu yeye ndo akaanza kunitajia Bonhoeffer, mchungaji aliyenyongwa na serikali ya Hitler Aprili 1945, wakati makanisa mengi ya huko yalikuwa yamekaa kimya au yanashangilia.

Yule kijana alirudi, karibu miezi mitano baadaye. Nilimuomba radhi mbele ya darasa, nikasema jibu nililompa lilikuwa la kukwepa, na siku hiyo hatukuchora mshale wowote, tulisoma barua kwa Filemoni yote, ni mistari 25 tu. Paulo yuko gerezani, anamrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni, anaomba apokewe sio tena kama mtumwa bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa, na kama ana deni basi aandikiwe yeye Paulo. Vijana wakagawanyika, wengine wakasema Paulo angeandika waziwazi mwachie huru, wengine wakasema si ndo amesema hivyo kwa adabu. Yule mpole wa nyuma akauliza, "Sasa Filemoni alifanyaje?"

Nikafungua tena ukurasa kana kwamba kutakuwa na mstari wa 26.